Nanga Mia Tatu, Bandari Moja

Kila msimu wa baridi wa Amerika Kaskazini, mashua za matanga zaidi ya 300 hutia nanga katika Elizabeth Harbour, eneo la maji lililokingwa kati ya kisiwa cha Great Exuma na kisiwa chembamba cha Stocking Island, huko Bahama. Upande wa Great Exuma ndipo ulipo mji mdogo wa George Town. Waliomo katika mashua hizo, wengi wao wastaafu wa Marekani na Kanada wanaoikimbia theluji, hulala, hupika, hufua na kuugua humo humo chomboni kwa wiki kadhaa, na wengine kwa miezi. Pale wanapotia nanga hakuna mipaka iliyochorwa wala namba za viwanja, na hakuna askari anayempangia mtu mahali pa kusimama. Anayeitazama picha ya bandari hiyo kutoka angani huona milingoti imetapakaa ovyo, akadhani kila mmoja amejiamulia lake. Sivyo. Pana utaratibu mkali pale, na karibu wote umebebwa na desturi. Nadai kwamba desturi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, lakini ina kikomo: hufanya kazi katika mambo ambayo jirani anayaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, na hushindwa katika yale yanayotendeka chini ya maji.

Tuanze na mnyororo, maana ndio unaotawala mengine yote. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa kujichimbia mchangani inapovutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka. Ndiyo maana baharia huachia mnyororo mrefu kuliko kina cha maji mara kadhaa, ili sehemu yake kubwa ilale chini na mvuto uifikie nanga kwa pembeni. Kipimo kilichozoeleka ni mara tano ya kina hewa ikiwa shwari, na mara saba upepo ukikaza. Na kina chenyewe hakihesabiwi kuanzia usoni pa maji bali kuanzia omoni, mnyororo unapotokea, kisha huongezwa maji yatakayojaa. Chukua mashua ya urefu wa mita 12 iliyosimama kwenye maji ya mita 3 wakati wa kupwa. Omo imeinuka juu ya maji kwa zaidi ya mita 1, na maji yakijaa huongezeka karibu mita 1 nyingine. Jumla ni kama mita 5. Mara tano yake ni mita 25 za mnyororo, mara saba ni mita 35. Mnyororo wa chuma cha milimita 10 una uzito unaozidi kilo 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita hizo 35 ni zaidi ya kilo 70, nanga bado haijapimwa.

Chombo kilichotia nanga huzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi, ila hapa anayezungusha ni upepo. Nusu ya upana wa duara lake ni urefu wa mnyororo pamoja na urefu wa mashua yenyewe. Kwa mita 25 za mnyororo, duara hilo hula zaidi kidogo ya ekari moja ya maji. Kwa mita 35, hukaribia ekari moja na robo tatu. Mashua 300 zikitaka kila moja duara lake lisiloguswa, zingehitaji ekari zaidi ya 500 za maji yenye kina kinachofaa, mchanga unaoshika na kinga dhidi ya mawimbi. Maji ya namna hiyo, karibu na fukwe ambazo watu wanazipenda, hayatoshi. Kwa hiyo maduara hupandana, na bandari nzima huishi kwa kutegemea dhana moja: upepo ukigeuka, wote watageuka pamoja.

Mara nyingi dhana hiyo ni kweli. Inapoharibika, huharibika kwa sababu vyombo havifanani. Mashua yenye mkuku mzito uliozama hutii mkondo wa maji. Katamarani, yenye mabodi mawili mepesi na nyumba kubwa juu, hutii upepo. Upepo ukiwa hafifu na maji yakipwa kwa kasi, majirani wawili waliokuwa wakitazamana migongo hujikuta wanaelekeana. Aliyetumia mnyororo mtupu hukaa karibu na nanga yake kwa sababu chuma kimelala chini, ilhali aliyeunganisha kamba ndefu huzurura mbali zaidi. Kutokana na hali hiyo ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo mabaharia wa nchi nyingi wanaijua: aliyetangulia ndiye mwenye haki. Anayekuja baadaye humzungukia polepole, humuuliza ameachia mnyororo wa mita ngapi, nanga yake iko upande gani, kisha huchagua mahali. Akiambiwa kwamba amesogelea mno, huipandisha nanga yake na kuanza upya, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na ameshinda safarini siku tatu. Ni kanuni ya haki kwa sababu ni rahisi kuithibitisha. Nani alifika kwanza ni jambo ambalo bandari nzima imeliona.

Kipimo halisi cha desturi hii huja na pepo za baridi. Msomaji wa mwambao wetu amezoea kaskazi na kusi, pepo zinazoshika upande mmoja kwa miezi, na baharia akazipangia safari zake. Bahama hukaa kwenye upepo wa matlai kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini kati ya Desemba na Machi mawimbi ya hewa baridi hushuka kutoka bara la Amerika Kaskazini, wakati mwingine kila wiki. Yanapokaribia, upepo huanza kuhama mashariki: unakwenda kusini, kisha kusini-magharibi, unaruka ghafla magharibi na kaskazini-magharibi ukiwa na nguvu nyingi, halafu unarudi kaskazini na kaskazini-mashariki. Kwa siku moja au mbili chombo kinaweza kuzunguka karibu duara zima. Wanaopenda fukwe za Stocking Island, ambazo kwa kawaida zimekingwa na matlai, hujikuta tezi zao zinaelekea nchi kavu na mawimbi ya upana wote wa bandari yanawajia usoni. Nanga moja ikiachia, mashua hukokotwa juu ya minyororo ya wengine na kuwang'oa. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kuijua nanga ya jirani yake vizuri karibu kama yake mwenyewe. Saa kadhaa kabla ya upepo kugeuka utaona mashua kadhaa zikihamia upande wa pili wa bandari, wengine wakiongeza mnyororo, wengine wakipita na boti za mpira kuwaambia wageni kinachokuja. Usiku watu hukaa macho kwa zamu wakitazama taa za milingoti.

Taa hizo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sheria iliyoandikwa inagusana na maisha haya moja kwa moja. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, zinataka chombo kilichotia nanga kiwashe usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mchana kiweke mpira mweusi sehemu ya mbele. Taa huwashwa na karibu wote. Mpira mweusi wengi huupuuza, na sidhani kwamba ni uzembe mtupu: mchana, katikati ya mashua 300 zilizosimama, kila mtu anaona kwamba umesimama.

Siku ya kawaida imejengwa juu ya uchache wa vitu viwili, maji na umeme. Tangi la mashua ya mita 12 linaweza kubeba lita 400 hivi. Watu wawili wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku wana siku kumi. Kwa hiyo vyombo huoshwa kwanza kwa maji ya bahari, watu hujitupa baharini kuoga na kumalizia na kikombe cha maji baridi, na mvua ikinyesha turubai hutandazwa kuyakinga. Wenye uwezo hufunga mashine ya kuondoa chumvi. Wengine huenda mjini na madumu. Boti ya mpira hupita kwenye mfereji mwembamba chini ya daraja la barabara na kuingia katika ziwa dogo katikati ya George Town, ambalo ramani huliita Lake Victoria, jina lile lile la ziwa letu. Huko duka kubwa la mji limewawekea mabaharia gati na bomba la maji bila malipo kwa miaka mingi. Umeme nao hutoka juani. Friji ndogo ya volti 12 ndiyo mlaji mkubwa, hasa kwenye joto, na siku za mawingu mfululizo watu huwasha jenereta.

Hapo ndipo ujirani hupimwa tena. Kwa kuwa kila chombo huelekeza omo kwenye upepo, kila anachofanya mtu humfikia aliye nyuma yake: moshi wa jenereta, harufu ya samaki wa kukaanga, muziki, kamba inayogonga mlingoti wa alumini usiku kucha. Kelele za kamba zinaonekana jambo dogo kwa mtu wa nchi kavu, lakini ni mojawapo ya malalamiko makubwa katika bandari yoyote yenye mashua nyingi, kwa sababu sauti husafiri mbali juu ya maji na ubavu wa mashua huikuza. Dawa yake ni kuifunga kamba mbali na mlingoti, kazi ya nusu dakika. Mwenye jenereta hutarajiwa kuizima jua likizama. Hakuna faini. Anayekataa hukuta kwamba siku injini yake ikigoma, msaada unachelewa kidogo.

Kinachounganisha yote ni redio. Saa mbili asubuhi wenye mashua hufungua redio zao za VHF kwenye idhaa moja, na mmoja wao aliyejitolea huendesha kikao cha hewani: utabiri wa hali ya hewa, waliofika, wanaoondoka, anayetafuta kipuri cha pampu, daktari mstaafu aliye tayari kumtazama mgonjwa, boti ya mpira iliyokatika kamba na kuonekana ikielea. Katika kikao hicho ndimo bandari inamojitawala. Mgeni hupewa jina na mahali, na mtu aliyetajwa kwa jina mbele ya wote huona haya kumkwaruza jirani. Ninaliona hili kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko wowote kwamba desturi si ulegevu wa sheria. Ina mkutano wake, kumbukumbu zake na adhabu zake.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wajisonge hivyo, na bahari ilivyo kubwa? Swali hilo ni la mtu anayedhani bahari yote ni sawa. Nje ya Stocking Island kuna Exuma Sound, yenye kina kinachozidi mita 1,000, ambako nanga haifiki popote. Upande wa pili wa Great Exuma kuna tambarare ya mchanga yenye maji mafupi mno kwa mikuku mingi na isiyo na kinga upepo wa magharibi unapokuja. Kati ya hapo ndipo penye kina cha mita chache, mchanga unaoshika, duka, maji, zahanati na uwanja wa ndege wa kumpokea mjukuu. Watu husongamana baharini kwa sababu zile zile zinazowasonganisha mijini, na kumwambia baharia aende kwingine ni kumwambia aache vitu hivyo.

Pingamizi zito zaidi linasema kwamba hizi ni desturi za vyombo 300 vinavyoondoka. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kabla yake mashua nyingi hurudi kaskazini au kwenda kusini zaidi. Bandari hupumzika, ugomvi husahaulika, na anayekera watu leo atakuwa kwingine Mei. Je, desturi ingesimama kama wangebaki? Nakubali kwamba hapa hoja yangu inahitaji kupunguzwa makali. Katika Richardson Bay, jirani na San Francisco, watu waliishi juu ya nanga mwaka mzima kwa miongo mingi, baadhi kwa kupenda na wengi kwa kukosa kodi ya nyumba. Idadi ya vyombo ilipita 200 katika miaka ya 2010, vingi havina injini inayofanya kazi wala mtu wa kuvitunza, na kila dhoruba ilivirusha ufukweni. Mamlaka ya ghuba hiyo, iliyoundwa mwaka 1985, ilikuwa na kikomo cha saa 72 cha kukaa lakini kwa muda mrefu haikukitekeleza. Hatimaye mwaka 2021 ilikubaliana na wasimamizi wa jimbo kwamba vyombo vyote viwe vimeondoka ifikapo Oktoba 2026.

Lakini itazame vizuri sababu iliyotiliwa mkazo. Pamoja na ugomvi wa majirani na vyombo vilivyozama, hoja kubwa ilikuwa nyasi bahari. Chini ya ghuba hiyo kuna shamba la nyasi ambazo samaki aina ya heringi hutagia mayai. Mnyororo uliolala chini, ule ule unaoisaidia nanga kushika, huburuzwa kila upepo unapogeuka na kufyeka nyasi zote ndani ya duara lake. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha maduara meupe ya udongo mtupu katikati ya kijani. Mtu aliyekaa chomboni miaka kumi, mpole, mwenye taa ya nanga inayowaka kila usiku na jenereta inayozimwa mapema, alikuwa akilifyeka duara lake bila jirani yeyote kupata neno la kumlaumu. Desturi haikuvunjwa. Haikuwa na jicho la kuona huko.

Jambo hilo hilo lipo Elizabeth Harbour, kwa sura nyingine. Choo cha mashua kina njia mbili: moja humwaga baharini, nyingine huingia tangini. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na bandari ina milango pande zake mbili, kwa hiyo maji hubadilishwa kiasi. Ila si kila mahali. Vidimbwi vilivyofichika ndani ya Stocking Island, ambavyo watu huvipenda kwa utulivu wake, huchelewa kusafishwa. Kikao cha asubuhi kinaweza kumwaibisha mwenye jenereta. Hakiwezi kujua nani alifungua valvu saa nane usiku. Na nyasi bahari za Bahama ndizo malezi ya kome wakubwa, kitoweo kikuu cha visiwa hivyo, ambao biashara yao ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1992.

Wapo wanaosema jibu ni maboya ya kudumu: chombo kikifungwa kwenye boya lenye kamba fupi, duara hushuka hadi theluthi moja ya ekari hivi, na boya lililokazwa ardhini kwa skrubu haliburuzi mnyororo. Naafiki kwa sehemu zenye nyasi. Lakini boya huhamishia hatari yote mahali ambapo mwenye mashua hapaoni. Nanga yake anaiamini kwa sababu ameitupa mwenyewe na kuijaribu kwa injini, boya analikuta. Bila mzamiaji wa kukagua pingu na mnyororo kila msimu, na bila mtu wa kuwajibika ukikatika, ni mtego. Kwa hiyo boya haliondoi haja ya mamlaka. Linaiongeza.

Mamlaka hayo ni ya nani? Hapa wenye mashua mara nyingi huteleza, kwa kudhani kwamba bandari inayojitawala vizuri ni yao. Wakazi wa Exuma, takriban 7,000 katika sensa ya 2010, wengi wao ni wa uzao wa watumwa wa familia ya Rolle, na hata vijiji vya Rolleville na Rolle Town vimebeba jina hilo. Mwaka 1830, baadhi ya watumwa hao walipoambiwa wahamishiwe kisiwa kingine, kundi lililoongozwa na mmoja wao, Pompey, lilikataa, likachukua boti la bwana wao na kusafiri hadi Nassau kumlalamikia gavana. Watu hao wana historia ndefu ya kudai neno juu ya mahali pao. Tangu mwaka 1954 hufanya hapo mashindano ya mashua zao za mbao karibu kila mwaka, katika maji hayo hayo. Kanuni ya aliyetangulia, ikichukuliwa kwa uzito, haianzii kwa mashua ya kwanza kutia nanga Desemba.

Mwaka 2025 serikali ya Bahama ilipandisha ada za vibali vya mashua za wageni, na malalamiko yalikuwa mengi. Sioni ubaya wa ada yenyewe. Ninachopima ni kama inarudi kwenye maji iliyotozwa kwa ajili yake. Pamekuwapo Elizabeth Harbour huduma ya boti inayozunguka kunyonya matangi ya vyoo, na hesabu yake si ngumu: tangi la lita 80 huwatosha watu wawili kwa karibu wiki moja wakibana maji, kwa hiyo mashua 300 hutoa kama lita 24,000 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya boti chache zenye pampu, madereva wa Exuma wanaolipwa mwaka mzima, na mahali pa kuzimwaga taka nchi kavu ambapo pametengenezwa kwa kazi hiyo. Kila mashua ingepewa stakabadhi ya siku iliponyonywa, na stakabadhi hizo zingesomwa redioni saa mbili asubuhi pamoja na utabiri wa hali ya hewa.